Pumba za Kinu Kikubwa

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na unga kwenye nyusi kama nilivyokuacha. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili ya mbele na anang'ata kila kinachopita karibu, mimi nikiwa wa kwanza.

Nimeamua kuandika kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilisikia mashine ikinguruma, wewe ukipaza sauti "unasemaje?", na mteja akiuliza kama gunia lake limeisha. Nilipokata simu nilikuwa najua habari za gunia lile kuliko habari zako. Basi nitakuwa nampa barua dereva wa basi la asubuhi, nawe umpe majibu anaporudi.

Dada ameniambia unauliza kazi yangu mpya ni nini hasa, maana majirani wakikuuliza unawaambia "anashughulika na umeme" na wao wanakuletea pasi zilizoungua. Naomba usizipokee. Mimi siwezi hata kubadilisha taa. Ya jikoni kwangu imekufa tangu mwaka jana na bado namsubiri fundi. Niko katika tume inayopanga umeme wa nchi, lakini kitengo cha lugha. Wahandisi wanaandika kwa lugha yao ya mahesabu, mimi naigeuza iwe Kiswahili cha kusomeka. Kitabu tulicho nacho sasa kinaitwa Mpango wa Miaka Arobaini. Unene wake unatosha kuzuia mlango usipigwe na upepo, na kwa kweli ofisini kwetu siku za joto ndiyo kazi kinayofanya.

Kwa kifupi, wakubwa hawataki tena nchi nzima imsubiri mungu wa mvua ajaze mabwawa ndipo taa ziwake. Wanataka vinu vinane, kimoja baada ya kingine, mpaka wajukuu zetu wawe na wajukuu. Mkuu wa kitengo changu atastaafu kabla kinu cha kwanza hakijachimbiwa msingi, na nadhani ndiyo sababu anaupenda sana mpango huu.

Hapo ndipo mwanao nilipong'ara. Tuliagizwa tutoe toleo la wananchi, kijitabu chepesi. Jina walilotumia wahandisi lilikuwa refu kama treni ya mizigo. Mimi nikapendekeza "vinu vya nishati". Fupi, tamu, linakaa mdomoni. Mkuu alisimama akanipa mkono mbele ya watu, akaniita fundi wa lugha. Nilitembea kutwa nzima kifua mbele, mpaka jioni mke wangu aliponiambia shati nimelivaa nje ndani.

Jambo moja dogo tu. Ulisema unataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya kinu chako. Naomba usubiri. Saruji imepanda, na mafundi wa siku hizi si wa kuaminika. Nikija tutazungumza.

Nisalimie dada, na mwambie asibebe vitu vizito.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imekunjwa mara nne na inanuka dizeli. Mimi mzima, isipokuwa goti ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio, na majirani wameanza kuja kuliuliza kabla ya kuanika mahindi. Dada yako tumbo limekuwa kubwa na hasira zimekuwa kubwa zaidi. Hata kuku wanampisha njia.

Ninasoma kwa miwani ya marehemu mume wangu, ambayo inaona vizuri upande mmoja tu. Maneno ya upande wa pili nakisia. Kwa hiyo nikikujibu ambalo hukuuliza, ujue ulikuwa umeandika upande mbaya.

Kuhusu saruji, nimeuliza dukani, imeshuka. Na fundi ni yule yule aliyejenga nyumba uliyokulia, nayo haijaanguka. Lakini nimekusikia. Nasubiri.

Sasa, vijitabu vyenu vimefika. Mtendaji wa kijiji aligawa nyumba kwa nyumba, na watu wakaja navyo hapa kinuni, maana mtu akisubiri unga hana pengine pa kwenda. Kuna ramani ndani yake, ina nukta nane nyekundu. Nukta ya tatu ni sisi. Ni nukta nene kweli. Imekalia kituo cha basi, kinu changu na kaburi la baba yako kwa pamoja. Hukuniambia kwenye barua. Nadhani ulisahau, una mambo mengi.

Watu wamefurahi. Wanasema serikali inaleta kinu cha kisasa, tena kikubwa, kitakachosaga mahindi ya wilaya nzima. Fundi cherehani aliniambia kwa upole kwamba nianze kufikiria biashara nyingine, pengine nifuge kuku, wale wanaomkimbia dada yako. Mkutano ulifanyika chini ya banda la mnada. Watu walinigeukia mimi niwaeleze, kwa kuwa ndiye mwenye kinu. Tukainua mikono wote kukubali. Hata mimi niliinua, tena nilikuwa wa kwanza.

Nina maswali, wewe ndiye mtaalamu. Je, huwezi kuniombea kazi ya usimamizi kwenye kinu hicho? Uzoefu ninao, na mashine ikikwama naijua kwa mlio. Halafu, chekeche lake ni la matundu makubwa au madogo? Na kubwa kuliko yote: pumba zake zitakwenda wapi? Pumba zangu mimi wafugaji wanazichukua kabla jua halijazama. Za kinu kikubwa namna hiyo nani atazichukua, na atazipeleka kwa nani? Nijibu hilo hasa.

Mke wako mwambie mtoto anayeng'ata apewe ukoko wa mkate, si baba yake.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba dereva wa basi alibadilishiwa zamu, lakini ukimuuliza atakwambia alikuwa anapita mbele yangu kila asubuhi na kuniuliza kama nina barua, nami nilikuwa najifanya napokea simu. Simu yenyewe siku moja ilianza kuita nikiwa bado nazungumza nayo. Abiria walicheka basi zima.

Sisi wazima. Mtoto ana jino la tatu. Mke wangu amenunua taa na kuifunga mwenyewe, akapanda juu ya Mpango wa Miaka Arobaini ili afikie. Ofisini sasa tumebakiwa na nakala moja.

Kuhusu maswali yako. Kinu hiki si cha kusaga moja kwa moja. Ni kinu kwa maana pana. Usimamizi wake unahitaji masomo marefu kidogo, na nadhani ungechoka na mitihani. Chekeche halina, au linalo kwa namna yake. Pumba zake ni chache sana, tena zinahifadhiwa vizuri. Nafikiri hapo nimejibu.

Nilipoona umeandika kwamba kinu kitasaga mahindi ya wilaya nzima, sikupata usingizi mzuri. Kesho yake nilikwenda kwa mkuu nikamwambia kwa adabu kwamba pengine tungeongeza neno moja kwenye kijitabu, kuna wananchi wamelielewa vingine. Akafungua kamusi, akanionyesha kinu kimo, na maana zake zote zimo. "Sisi hatujadanganya mtu," akasema. "Tumefupisha." Kisha akaniambia kwamba yeye anaondoka mwisho wa mwaka na jina alilopeleka juu kwa ajili ya kiti chake ni langu. Nilikubali kuhusu kamusi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi, na nilipotoka nikamfungia mlango taratibu ili usigonge.

Usiwe na wasiwasi kuhusu ile mikono mliyoinua. Huo ulikuwa mkutano wa awali tu. Wa kupitisha ni mwishoni mwa Juni. Mimi nitakuja Agosti, tutazungumza kwa nafasi.

Goti lipakwe mafuta ya moto.

Mwanao


10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti ya kushindana na mashine. Mimi nimekuwa bibi na tayari nimemshika vibaya mara mbili, nimeambiwa.

Wapima ardhi wamekuja. Ni vijana wenye adabu, waliomba maji ya kunywa na wakarudisha vikombe vikiwa vimeoshwa. Wameacha vigingi vyenye rangi nyekundu. Kimoja kipo nyuma ya kinu, pale pale nilipotaka vyumba viwili. Kingine kipo miguuni pa baba yako. Nilimuuliza mmoja wao vigingi hivi ni vya nini, akaniambia mama, sisi tunapiga nyundo tu, muulize aliyeandika kitabu.

Fundi cherehani ameuza cherehani yake nzuri, akanunua mbegu na kukodi shamba la pili. Anasema kinu kikubwa kitataka mahindi mengi na yeye hataki kuachwa nyuma. Sasa anashona kwa ile mbovu inayoruka uzi. Juzi alinishonea mfuko, nikaweka unga, ukaisha kabla sijafika nyumbani.

Sikuulizi tena habari za chekeche. Nakuuliza swali moja, nawe uko upande wangu mzuri wa miwani. Hiki ni kinu gani?

Shangazi yako


29 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Mke wangu ametuma blanketi, dereva analo. Mwambie dada nina hamu ya kumwona huyo mshindani wa mashine.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikakaa. Mke wangu akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ila nimeulizwa swali.

Ni kinu cha nyuklia. Nimeliandika neno hilo kwa mkono wangu, na kama unavyoona kalamu haikuvunjika. Kwenye kitabu kikubwa limo karibu kila ukurasa. Kwenye kijitabu chenu halimo hata mara moja, na aliyeliondoa si mkuu, ni mimi. Hakuna aliyeniagiza. Nilijua watu wakiliona watauliza maswali, na mimi nilitaka kitabu kisichoulizwa maswali, kwa sababu hicho ndicho wakubwa wanachokiita kitabu kizuri. Ndiyo ufundi wa lugha niliopewa mkono kwa ajili yake.

Hakisagi kitu. Ndani yake kuna madini mazito, chembe zake zinapasuliwa, zinatoa joto la ajabu, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo na umeme unatoka. Ukiondoa elimu yote iliyomo, ni birika. Watu wazima wenye suti tumekaa mezani miaka kadhaa kupanga namna ya kuinjika birika nane. Wala si jambo baya, shangazi, naomba uniamini hapo hata kama huniamini pengine. Ziko nchi zinaendesha vinu hivi tangu kabla sijazaliwa na watu wake wanalala usingizi. Mashine yako isingekatikiwa umeme katikati ya gunia. Mimi mwenyewe ningepiga kura ya ndiyo, mradi niwe nimeelezwa.

Pumba zake nilikwambia ni chache, na kweli ni chache. Nilichokuficha ni kwamba zina sumu isiyoonekana kwa macho, na inabidi zilindwe kwa muda mrefu kuliko ukoo wowote unavyoweza kuhesabu mababu zake. Wahandisi wana mahali pa kuziweka kwa miaka ya mwanzo. Baada ya hapo kitabu kinasema "itaamuliwa". Neno hilo nalo nililigeuza mimi.

Kuzunguka kinu huwekwa eneo ambalo haruhusiwi kukaa mtu. Kwenu linaanzia mtoni na kwenda mpaka ng'ambo ya nyumba ya fundi cherehani. Kinu chako kimo. Nyumba imo. Baba yumo. Ramani ile niliiona Januari, kabla sijakuandikia ile barua ya saruji.

Nilijiambia kinu cha tatu kiko mbali, miaka ishirini na zaidi, pengine mpango utabadilika. Kisha nikajikuta napiga hesabu ya umri wako nione kama utakuwepo. Niliona aibu nikaacha katikati ya hesabu. Nimekuwa nakula mezani pako tangu sijui kufunga kamba za viatu, na hayo ndiyo malipo niliyokuwa nakuandalia.

Sasa naomba, shangazi. Mkutano wa kupitisha ni tarehe ishirini na saba. Waambie wewe kabla haujafika. Wewe wanakusikiliza. Mimi nikisimama mbele ya watu kinywa kinakauka, na jina langu lipo juu linasubiri saini. Nikionekana huko nikisema haya, si kiti tu nitakachokosa.

Najua hili ombi linavyonuka. Nimelisoma tena nikalinusa mwenyewe.

Mwanao


5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Blanketi limefika, mtoto amelitapikia, kwa hiyo amelipenda. Barua nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima mashine. Wateja walinung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Mimi nilijua.

Siku ile ile vijitabu vilipofika, mwalimu wa sayansi alikuja kusaga. Akasoma akiwa kwenye foleni, akatoka kwenye foleni, akanivuta pembeni. Akaniambia mama, hiki ni kinu cha nyuklia, mbona hawakusema? Nikamwomba anyamaze kidogo tu. Nikamwambia huyu kijana nimemlea mimi, amesahau, ataandika mwenyewe. Mwalimu ni mtu wa heshima, akanyamaza, na tangu hapo akija kusaga haniangalii usoni.

Kwenye mkutano watu waliponigeukia na kuuliza kinu hiki ni cha namna gani, nilisimama nikasema kinu ni kinu, na aliyeandika kitabu hiki ni mwanangu. Ndipo nikainua mkono. Na wao wakainua kwa sababu nimeinua mimi. Nilitoa nyumba yangu na kaburi la kaka yangu ili kitabu chako kisiaibike mbele za watu. Usinishukuru, ulikuwa upumbavu mtupu. Maisha yangu yote najisifu kwamba kwangu pumba hazichanganyiki na unga, na siku hiyo nilizichanganya mbele ya mtendaji.

Ndiyo maana nikakuuliza habari za chekeche na pumba. Nilikuwa nakufungulia mlango. Mwanamke wa umri wangu, mwenye goti hili, anaomba kazi kwenye kinu cha serikali kupitia dereva wa basi, na wewe ukaamini. Ukanijibu habari za mitihani. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa juu ya gunia, kisha nikalia, kisha mteja akaja nikampimia.

Sasa unataka niwaambie mimi. Sitaki. La kwangu nitalisema, kwamba nilijua na nikanyamaza, na kama watu watahama wakasage kwingine, wahame. Lakini lako ni lako. Tulifundishwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umeshajikwaa ulimi, na ulimi haubebwi mgongoni na shangazi.

Fundi cherehani nimemwambia asipande ile mbegu iliyobaki. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia subiri tarehe ishirini na saba, kuna mtu anakuja. Kwa hiyo nimeshaahidi.

Kitanda chako kipo. Kinywa kikikauka nitakuwa mstari wa mbele na kikombe cha maji.

Shangazi yako


6 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama. Mke wangu alinitazama mlangoni akasema nimekonda, nikafurahi, akasema si sifa.

Sijui wewe uliona nini kutoka mstari wa mbele. Mimi niliona viatu vyangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu, na niliposimama nikakuta nimeshika risiti ya basi na karatasi ya hospitali ya mtoto. Ulipotangulia kusimama wewe ukasema "nilijua, nikawaficha, kwa sababu ya huyu", nilitamani ardhi ipasuke, nikakumbuka ardhi yenyewe ina vigingi vyetu. Baada ya hapo nikalisema lile neno, nikaeleza na ile habari ya birika. Nilidhani watapiga kelele. Kumbe wa kwanza alikuwa fundi cherehani, akauliza, "Kwa hiyo mahindi hakisagi?" Kicheko kilichofuata bado nakisikia. Angalau wamenipa jina. Njia nzima mpaka kituo cha basi watoto walikuwa wananiita Bwana Birika.

Maswali yao yalinishinda mengi. Nani atalinda pumba tukishakufa wote. Tukihamishwa, tutahamia pamoja au tutatawanywa. Je, makaburi nayo yanahamishwa, na nani atayashika. Niliandika yote nikaahidi kuyapeleka kwa wahandisi, na nimeyapeleka. Walisema ni maswali mazuri. Najua sasa maana ya neno hilo pia. Nimeona ni vizuri watu walivyoomba siku kadhaa za kulitafakari jambo hili kabla ya kupiga kura.

Ofisini yamenikuta. Mkuu hakunifokea, alinipa mkono kama ile siku ya kwanza, akasema kiti kimepata mtu mwingine. Mimi nimehamishiwa stoo ya vitabu. Ipo chini ya ngazi, ina dirisha moja linaloona miguu ya watu. Kazi yangu ni kufunga vijitabu kwenye maboksi na kuvituma kwenye zile sehemu nyingine saba, ambako mikutano bado haijaitishwa. Mgongo unauma lakini akili imepumzika. Nafunga, nabandika anwani, naenda nyumbani mapema. Baada ya miezi hii nadhani nimejipatia haki ya kukaa kimya. Sehemu yangu nimeimaliza.

Niandikie kura imekwendaje. Niambie ukweli hata kama ni mbaya.

Mwanao


21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mjukuu ameanza kucheka, hasa akiniona nimevaa miwani. Goti limetulia. Wateja walipungua wiki ya kwanza baada ya mkutano, wengine wakawa wanabeba magunia mpaka kijiji cha pili ili tu niwaone wakipita. Sasa wanarudi mmoja mmoja. Aliyerudi wa kwanza ni mwalimu wa sayansi, na amenitazama usoni.

Kura imepigwa. Waliokataa ni wengi, lakini si wengi kama nilivyodhani. Fundi cherehani alikubali kinu. Anasema anataka umeme usiokatika hata kama ni wa birika, na anatununia mimi na wewe kwa ile cherehani yake. Ana haki ya kununa. Mwalimu wa sayansi naye alikubali. Alisema sasa kimetajwa jina lake anaweza kukikubali bila aibu. Mimi nilikataa. Mkono ule wa kwanza ulikuwa wako, huu ulikuwa wangu, na nilishangaa ulivyokuwa mwepesi. Mtendaji amepeleka majibu juu. Anasema nukta yetu pengine itafutwa, pengine watakuja tena kutuomba vizuri. Wakija vizuri tutawasikiliza.

Siku ile uliposimama umeshika risiti ya basi, nilikuonea huruma. Lakini sijawahi kujivunia mtu namna ile. Nakuambia kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nisingeweza, na mashine ingenguruma.

Sasa hilo la stoo. Barua yako nilimsomea dada yako kwa sauti, na nilipofika pale unaposema sehemu yako umeimaliza, akaacha kunyonyesha akanitazama. Hayo maboksi unayofunga, ndani yake lile neno limo au halimo? Usinijibu, najua. Mikono inayobandika anwani ni ile ile iliyolitoa. Sisi huku tumepona kwa sababu nina wewe, nikakuita ukaja. Wale wa sehemu saba hawakujui. Vijitabu vitafika, watakaa kwenye foleni wavisome, watafurahi, na mikono itainuka.

Kalamu unayo, na anwani zao zote ziko mikononi mwako. Wakikufukuza, kinuni hapa natafuta mtu wa kubeba magunia, mshahara mdogo na matusi mengi.

Barua hii usiijibu kwanza. Waandikie wao. Kule nako kuna mashangazi.

Shangazi yako